Rili Iliyofungwa na Dada

9 Januari

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, goti halijazidi, na ile cherehani yako ya kanyagio bado inakutii. Sisi huku hatujambo. Mke wangu amebadilishiwa darasa, sasa anafundisha wale wadogo kabisa, na kila siku anarudi nyumbani sauti imekauka. Mkubwa ameng'oka meno mawili ya mbele na anapiga mluzi kila akisema "shangazi". Mdogo hajawahi kukuona, lakini lile gauni la bluu ulilomshonea hakubali kulivua hata likiwa na matope. Mimi bado ni dobi wa hospitali, mvuke na mashuka. Kazi haipungui, wagonjwa hawaachi kulala. Baba yupo, katika chumba cha nyuma.

Nakuandikia kwa sababu simu umeikataa, unasema sikio lako linasikia cherehani tu. Haya, jambo lenyewe ni hili, na usicheke: nataka kuanza kuvua samaki, wale karpi wakubwa. Katika lile bwawa la nyuma ya kiwanda cha zamani cha matofali, pale walipochimba udongo pakajaa maji, bado wapo. Nimewaona asubuhi wakiibuka na migongo yao minene, magamba kama sarafu, na vile vindevu vifupi pembeni mwa mdomo.

Dukani kuna seti nzima ya kuvulia imepangwa kwenye kioo. Ina fimbo tatu, taa nyekundu za kukushtua samaki akigusa, begi lenye mifuko kumi na minane na kofia. Muuzaji anasema bila hivyo sitapata kitu. Bei yake ingenifanya nifue mashuka mpaka uzeeni. Wewe ndiye mvuvi wa ukoo huu. Niambie mwanzo ninunue nini, na nini niache.

Mwanao

---

2 Februari

Mwanangu Povu,

Marahaba. Nimecheka, na sikuombi msamaha. Wewe uliyekuwa ukikimbia minyoo ukiwa na miaka tisa!

Nisalimie mkeo, mwambie anywe maji ya uvuguvugu na aache kupiga kelele, watoto hunyamaza mwalimu akinong'ona. Nisalimie wajukuu wangu wote wawili, mwenye pengo na mwenye gauni. Nisalimie yule jirani yenu mwenye kikohozi, kama bado anakohoa. Nisalimie na paka. Mimi ni mzima, bado niko kwenye chumba changu juu ya duka la funguo, nashona sare za shule kwa watoto wasiotulia kupimwa.

Sasa sikiliza. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kitu kinachohitaji kioo na taa nyekundu kikuite barabarani, kiache hapo hapo. Nunua fimbo moja, si tatu, maana una macho mawili tu. Iwe ya vipande viwili, ukiiunga ifike urefu wa watu wawili, na ipinde kuanzia katikati, isiwe ngumu kama mpini wa jembe. Nunua rili moja ya kuzungushia mshipi wa ndoana, ya kawaida, lakini breki yake uijaribu kwa mkono pale pale dukani. Karpi akikimbia, breki iachie taratibu, isishtuke. Ikishtuka, mrudishie muuzaji wake.

Kwenye mshipi usibane matumizi, wala kwenye ndoana, wala kwenye wavu. Wavu uwe na mdomo mpana, samaki mkubwa haingii kwenye chujio la chai. Chubwi za risasi za kuzamishia ndoana, mbili tatu zinatosha. Vingine vyote ni mapambo. Badala ya taa, funga kengele ndogo kwenye ncha ya fimbo. Badala ya vyuma vya kuegeshea, kata mti wenye panda. Chambo ni mahindi, uyaloweke siku nzima na kuyachemsha mpaka yalainike. Begi unalo, lile la shuleni.

Na siri moja ya watu wasio na kitu: bobini ya rili, pale mshipi unapozungushiwa, ni pana, itameza mshipi mwingi wa bure. Kwa hiyo chini kabisa jazia uzi mkuukuu au utepe wa kitambaa, juu yake ndipo ufunge mshipi mzuri. Hakuna samaki atakayekuvuta mpaka huko chini. Na mshipi ukiwa mzima usiubadilishe kwa sababu tu umechoka kuuona.

Kuhusu kufunga fundo la ndoana, mimi sikufundishi. Nasikia mkono wangu haushiki fundo.

Shangazi

---

20 Februari

Shangazi,

Shikamoo. Wote wanakuitikia salamu, hata jirani, ambaye anakohoa zaidi. Barua yako niliisoma kwa sauti mezani, tukacheka sana penye chujio la chai.

Nimenunua fimbo, ndoana kumi, chubwi na kengele. Wavu nimeupata kwa mzee mmoja aliyeacha kuvua, tundu moja nimeliziba. Rili bado. Breki za zile za bei nafuu nilizojaribu zote zinashtuka kama ulivyosema.

Nina swali dogo. Rili inaweza kuzungushwa kwa mkono wa kushoto? Na mtu mwenye mkono mmoja tu wenye nguvu atashikaje fimbo huku anazungusha? Nauliza tu, kwa kutaka kujua.

Mwanao

---

30 Machi

Povu,

Marahaba. Nimechelewa, usidhani barua ilipotea. Ilikuwa chini ya mkasi, naiona kila siku.

Nisalimie mkeo na wajukuu. Nisalimie na yule mzee aliyekupa wavu, simjui lakini ana roho nzuri. Paka pia.

Mimi ndiye niliyekufundisha kushika mkasi. Wewe ni wa mkono wa kulia, na mikono yako yote miwili inakamua mashuka ya hospitali. Usinieleze kitu. Mimi nimeulizwa swali la vifaa na nitajibu vifaa.

Rili nyingi mpini wake unachomoka. Kuna skrubu upande wa pili, unaifungua, unahamishia mpini kushoto, kazi imekwisha. Fimbo isishikwe, ishikizwe. Mvuvi avae mkanda mpana kiunoni wenye kifuko cha ngozi mbele, kitako cha fimbo kiingie humo, na shina la fimbo likae chini ya kwapa la ule mkono usio na nguvu. Mkono mzima ndio uzungushe. Aketi kwenye kiti chenye mgongo, si ndoo. Na mtu mwingine awe na wavu, karibu, asiwe anachezea simu. Mkanda wa namna hiyo hauuzwi. Naushona mimi. Nipimie kiuno cha huyo asiyekuwapo.

Rili usinunue kwanza, ngoja nitafute humu ndani. Ila zamani nilimjua mtu mmoja ambaye hakuwahi kuitupa ndoana majini kabla hajaifungua rili mpaka bobini ikabaki uchi. Hata mpya ya dukani hakuiamini. Alikuwa anasema anataka kuona mwenyewe mshipi umefungwaje mwanzoni. Alikuwa msumbufu sana.

Shangazi

---

17 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Naandika nikiwa chumba cha kukunjia mashuka kazini, si nyumbani, kwa sababu nimekatazwa kuandika haya.

Ni Baba. Kiharusi kilimpiga mwezi wa Novemba. Mkono wa kulia umelala, mguu unaburuta, maneno yanatoka lakini polepole. Seremala aliyejenga milango ya nusu ya mtaa huu sasa hawezi kufunga kifungo cha shati. Miezi miwili alitazama ukuta. Kisha asubuhi moja akaniambia, "Nataka bwawa." Nikasema sijui kuvua. Akasema, "Muulize dada. Usimwambie ni mimi, atanihurumia." Daktari amesema kingine kikija, huenda kisimwache.

Najua mlivyokosana, nilikuwapo, ilikuwa harusi yangu. Najua karpi wenu mkubwa aliponyoka wiki ile fundo lilipofyatuka, na Baba akasimama mbele ya wageni akasema mshonaji mzima lakini mkono wake haushiki fundo, watu wakacheka, wateja wako wakacheka. Na wewe ukasema kuanzia siku hiyo hatasikia salamu yako. Miaka kumi na moja, Shangazi. Yeye alikosea. Alitaka kuchekesha watu, basi.

Barua zako namsomea. Husikiliza ameinamisha kichwa. Nikimaliza salamu, kabla sijafika kwenye fimbo na ndoana, ananiambia, "Rudia hapo juu. Labda umeruka." Narudia. Mkeo, wajukuu, jirani, paka. Anasema, "Haya, endelea."

Mara ya pili nilitaka kumwongeza mimi mwenyewe. Nilifungua mdomo nikashindwa, angejua. Naomba neno moja tu katika barua ijayo. Usimsamehe kama hutaki. Msalimie tu.

Kiuno chake ni inchi thelathini na mbili. Amepungua.

Mwanao

---

11 Mei

Povu,

Marahaba. Nisalimie mkeo. Nisalimie wajukuu.

Kifurushi hiki kina mkanda, na rili yangu mwenyewe. Breki yake haijawahi kushtuka hata siku moja. Mpini nimeshauhamishia kushoto. Mshipi umo, nimeufunga kwa mkono wangu. Anayeijua rili ataikagua kama kawaida yake.

Sina la kuongeza.

Shangazi

---

10 Juni

Shangazi,

Shikamoo! Kifurushi kilifika wiki iliyopita, na Jumapili tumekwenda. Nakuandikia mikono bado inanuka samaki.

Kwanza niseme ukweli, barua yako ilimuumiza. Alisema "rudia hapo juu" mara mbili, na safari hii palikuwa pafupi. Lakini alipoiona rili aliichukua akaiweka mapajani, akawa anaizungusha pole pole huku ameielekeza sikioni. Mkanda ulimkaa vizuri. Akashika ile ngozi akasema, "Mshono wa mkono huu."

Nikakumbuka maneno yako, nikachukua kiti nizungushie mshipi, niifungue mpaka chini aikague. Akanizuia. Akasema, na alisema bila kukwama hata neno moja, "Hii kafunga dada. Akifunga dada, imefungwa. Usiguse." Nikamwambia, wewe hujawahi kuamini rili ya mtu. Akasema, "Hii naiamini." Nadhani ule ndio ulikuwa msamaha wake, Shangazi. Alikuwa anaufuta ule utani wake wa harusini, ila hukuwapo kumsikia.

Bwawani tuliketi kutoka asubuhi mpaka jua likawa kali. Mke wangu alishika wavu, mimi nilikuwa mtu wa mahindi. Saa nne kengele ikalia. Baba akabana fimbo kwapani kama ulivyoeleza, akazungusha, akaacha, akazungusha. Breki iliachia kama siagi. Fundo nililifunga mimi, akinielekeza, na likashika. Karpi alipotoka alikuwa mrefu kama mkono wangu. Tulimlaza kwenye shuka kuukuu la dobi lililoloweshwa maji, Baba akamshika kichwa kwa ule mkono mzima, akasema, "Siye yule, lakini anatosha." Tukamrudisha.

Anataka Jumapili ijayo tena. Njoo, Shangazi. Njoo hata ukae upande wa pili wa bwawa.

Mwanao

---

22 Juni

Shangazi,

Nimepiga simu duka la funguo mara nne, inaita tu. Baba amefariki jana alfajiri. Kingine kilikuja, kama daktari alivyosema. Hakuteseka sana. Jumapili ile ya pili tulikwenda, hakupata kitu, akasema siku ilikuwa nzuri hata hivyo. Tunamzika leo, hatuwezi kusubiri siku mbili za basi na goti lako. Utusamehe.

Mwanao

---

27 Juni

Povu, ya tarehe kumi imefika leo, sasa hivi, sijavua hata kastabani kidoleni.

Ifungueni! Ile rili, ifungueni leo, mpaka chini kabisa, mpaka bobini ibaki uchi. Mwambie nimesema mimi. Mwambie aache kuniamini, akague kama alivyokuwa akikagua za watu wengine, mtu mbishi kama yule amepata wapi imani ghafla? Chini ya mshipi kuna utepe. Ni wake. Nilidhani ataufikia siku ile ile.

Duka la funguo limefungwa, mwenyewe anamuuguza mkewe, sina pa kupigia simu. Nimeacha sare mezani, naipeleka hii posta mwenyewe. Isitoshe, nakuandikia na hapa, asisubiri kufungua: nisalimie baba yako. Unasikia? Nisalimie baba yako.

Shangazi

---

14 Julai

Shangazi,

Shikamoo, na pole. Barua zetu zimepishana njiani. Yako imefika jana, na najua sasa yangu unayo.

Niliingia chumba chake nikakaa kitandani na rili. Niligeuza viti viwili, nikawa nauzungusha mshipi kutoka kiti hiki hadi kile. Watoto walidhani mchezo, wakaanza kuhesabu mizunguko, wakachoka. Ulifunga mshipi mrefu, Shangazi, tena umeubana vizuri, hakuna mahali umelegea. Chini kabisa nikauona utepe wa kitambaa cheupe, umezungushwa mara tatu na kushikizwa kwa nukta moja ya uzi. Herufi umezishona kwa mkono, uzi wa bluu uleule wa gauni la mdogo. Maji ya Jumapili mbili hayakuufikia. Nikausoma kwa sauti humo chumbani. Nilijua hakuna wa kunisikia, lakini niliona si haki niusome kimya kimya.

"Mdogo wangu, hujambo? Fundo lilikuwa langu kweli. Nililifunga kwa haraka. Ulisema kweli nikakasirika. Dada yako."

Nilitaka kukukasirikia. Wino na karatasi vilikuwa mkononi mwako, bahasha ilikuwa wazi, ungeandika maneno mawili juu ya barua ile ya Mei na angeyasikia. Nimekasirika siku moja, leo hasira imepita. Kwa sababu na mimi ningeifungua rili ile bila ruhusa yake. Mkono wangu ulikuwa tayari kwenye mpini, nikamtii.

Utepe niurudishe kwako, au nifanye nini nao?

Mwanao

---

5 Agosti

Mwanangu,

Marahaba. Una haki ya kukasirika, tena siku moja haitoshi, chukua nyingine.

Miaka kumi na moja nilikuwa najua fundo lilikuwa langu. Siku ile mvua ilikuwa inakuja, nikafunga kwa haraka, sikulilowesha wala kulivuta kulijaribu. Ningeweza kucheka na wageni mle harusini nikasema kweli jamani, nililipua. Lakini mshonaji akikubali fundo limefyatuka, nani atamletea kitambaa? Nikaona afadhali kukosa ndugu kuliko kukosa sifa. Sifa ninayo, nimekaa nayo hapa juu ya duka la funguo. Hata nilipotaka kumaliza ugomvi nilificha salamu chini ya mshipi, ili aitafute, ili ahangaike kidogo kwanza. Ndivyo nilivyo. Najuta, mwanangu, na sina mtu wa kumwambia ila wewe.

Utepe urudishe pale pale, ufunge mshipi juu yake, mshipi ni mzima. Rili ni yako. Mpini uhamishie kulia. Wafundishe watoto fundo, na walitie mate kwanza kabla ya kulikaza.

Goti likiruhusu nitakuja kabla mwaka haujaisha. Lakini nimezingojesha salamu zangu vya kutosha, zisingojee na goti. Kwa hiyo Jumapili chukua barua hii uende nayo alipolala, umsomee.

Nisalimie baba yako. Nisalimie baba yako, mdogo wangu, fundi wa milango, mbishi. Nisalimie mkeo. Nisalimie wajukuu, mwenye pengo na mwenye gauni. Nisalimie jirani na kikohozi chake. Nisalimie paka.

Soma taratibu, kwa sauti. Na ukimaliza, mwanangu, rudia hapo juu, asije akadhani umeruka.

Shangazi